Kartushi ni yetu, printa ni yetu: nani anatukataza kuchapa?

LUBUMBASHI – Ilikuwa Alhamisi jioni, kwetu Katuba. Kijana mmoja wa chuo kikuu aliingia uani akiwa na flashi mkononi. Ndani yake kulikuwa na TFC yake, kurasa 64, na kesho yake saa mbili asubuhi alipaswa kuiwasilisha. Mdogo wangu, ambaye ana printa nyumbani na anawachapia majirani, akampa kiti akamwambia asihangaike, robo saa inatosha. Akawasha mashine. Badala ya karatasi kutoka, taa ya rangi ya machungwa ikaanza kuwaka na kuzimika, na kwenye kioo kidogo yakatokea maandishi: kartushi zilizowekwa hazikubaliwi, weka kartushi za asili.

“Yaya, kuya uone,” akaniita. “Masini inakatala wino.”

Wino haukuwa umeisha. Kartushi zote nne zilikuwa na zaidi ya nusu. Zilikuwa za jenériki, yaani zile zisizo na jina la kampuni iliyotengeneza printa, na alizinunua mjini kwa muuzaji yule yule anayemuuzia tangu miezi minane. Jana yake zilichapa vizuri. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika: mchana ule mwanawe anayesoma sekondari aliunganisha printa na intaneti ya simu, ili wateja waweze kutuma faili zao kwa WhatsApp bila kuleta flashi. Ni wazo zuri la mtoto mwenye akili. Lakini printa ilipopata intaneti, kazi yake ya kwanza ilikuwa kupakua programu mpya kutoka kwa kampuni yake. Ikajizima, ikajiwasha yenyewe. Tangu hapo ikakataa wino iliokuwa ikiutumia bila shida.

Kijana alipanda pikipiki usiku ule kwenda mjini kutafuta sekretariati iliyo wazi. Sisi tulipoteza franka 12 800, maana mdogo wangu anachapa ukurasa kwa franka 200. Wengine watasema hizo ni pesa ndogo. Lakini zidisha kwa siku tisa ambazo mashine ile ilikaa bila kazi, katika kipindi ambacho wanafunzi wote wanachapa. Printa ile ndiyo inayolipa minervali ya watoto wawili wa sekondari. Kartushi nne za asili anauziwa dola 80, za jenériki dola 24. Printa yenyewe aliinunua dola 95. Kwa hiyo mashine ilikuwa inamwambia: ukitaka nikufanyie kazi, ninunue mara ya pili.

Sitaitaja kampuni yake, kwa sababu jambo hili si la kampuni moja, na si la Katuba peke yake. Ninaandika kwa sababu siku zile tisa nilijifunza kitu ambacho wengi wetu hatukijui: printa ikikataa wino, mara nyingi haikuharibika. Imekatazwa. Ni vitu viwili tofauti. Kuharibika kuna fundi. Kukatazwa kuna mtu mahali fulani aliyeandika amri, na amri hiyo imefuata mashine mpaka ndani ya nyumba yako, baada ya wewe kulipa na kuchukua risiti. Maoni yangu ni kwamba hilo si haki, na kwamba mnunuzi wa Kongo anapaswa kuambiwa kabla hajatoa pesa mfukoni.

Amri inakaa wapi

Itoe kartushi uitazame. Kwenye nyingi utaona kipande kidogo chenye vidoa vya rangi ya dhahabu. Hiyo ni chipi. Kazi yake ya kwanza ni ya maana: inaiambia printa hii ni rangi gani na inasaidia kukadiria wino uliobaki. Kazi yake ya pili ni kuonyesha kitambulisho. Printa inauliza, chipi inajibu. Jibu likiwa lile ambalo kampuni inalitaka, kazi inaendelea. Likiwa tofauti, kazi inasimama, hata kama wino ni mzuri na kichwa cha kuchapa ni kizima.

Watengenezaji wa jenériki nao wanatengeneza chipi zinazojua kujibu. Ndiyo maana kartushi za mdogo wangu zilifanya kazi miezi minane. Kisha kampuni inabadilisha swali. Inatuma programu mpya kwenye printa, na chipi za zamani za jenériki hazina jibu lake. Muuzaji wa mjini hakumdanganya mdogo wangu, na yeye hakukosea kitu. Swali lilibadilishwa usiku mmoja, bila mwenye mashine kuulizwa.

Kwanza hakikisha

Kabla ya kumlaumu mtu, fanya majaribio. Nayaandika hapa kwa mpangilio tuliofuata sisi, kwa sababu nimeona watu wakitupa printa nzima kwa sababu ya vumbi.

La kwanza, soma maandishi yote yaliyo kwenye kioo au kwenye kompyuta, usiishie kwenye taa nyekundu. Kuna maneno ya onyo na kuna maneno ya kukataa. Printa ikisema wino umebaki kidogo, au kwamba kartushi iliyowekwa imetumika au si ya asili, mara nyingi hilo ni onyo tu: bonyeza OK au Endelea, na itachapa. Haitakuonyesha tena kiasi cha wino, basi. Lakini ikisema kartushi imezuiwa, au haina chipi inayokubaliwa, hapo umefika kwenye amri.

La pili, itoe kartushi uangalie kama ule utepe wa plastiki umeondolewa wote. Safisha vile vidoa vya dhahabu kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kilicholowanishwa kidogo kwa maji safi yaliyochujwa, halafu safisha na upande wa pili, ndani ya printa, pale chipi inapogusa. Lubumbashi yetu, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linaingia hata kwenye sahani iliyofunikwa, sembuse kwenye mashine. Acha pakauke. Zima printa, chomoa waya ukutani, subiri dakika moja, rudisha.

La tatu, kama bado una kartushi ya asili ya zamani, hata kama imebaki na wino kidogo, irudishe. Printa ikiipokea na kuikataa ya jenériki, umeshajua kwamba mashine ni nzima. Ikizikataa zote mbili, huenda ni kweli kuna kitu kimekufa ndani, na hapo tafuta fundi.

La nne, linganisha namba ya kartushi na eneo la dunia ambako printa ilitoka. Hili linawapata watu wengi hapa kwetu. Tuna mashine nyingi zilizokuja na ndugu kutoka Ubelgiji, au ndani ya kontena la vitu vya okazioni, wakati kartushi zinazouzwa dukani zimepita Dubai au Afrika ya Kusini. Kampuni zinagawa dunia vipande vipande, na kila kipande kina kartushi zake. Chukua mfano unaojulikana: kartushi ya HP inayouzwa kwa namba 302 Ulaya, inauzwa kwa namba 63 Marekani na 123 huku Afrika na Mashariki ya Kati. Kwa macho ni ndugu wa tumbo moja, lakini printa ya Ulaya inaweza kuikataa 123 hata kama ni ya asili kabisa, imefungwa kwenye boksi lake. Mwalimu mmoja jirani yetu alilipa dola 22 kwa kartushi ya asili, mashine ikaikataa, na muuzaji akakataa kuirudisha kwa sababu boksi lilikuwa limefunguliwa. Printa ile alitumiwa na shemeji yake wa Ulaya, na si ya kampuni ya mfano huu. Mwalimu alidhani ameuziwa bandia. Hapana. Aliuziwa ya kweli, ila ya upande mwingine wa ramani.

La tano, ikiwa umepata kartushi iliyojazwa upya, uliza ilikotoka. Printa nyingine zina mpangilio unaoifunga kartushi kwa mashine moja: ikishaingia humo mara ya kwanza, haitafanya kazi kwingine hata ikijazwa wino. Sisi tulipewa kartushi tupu nne za asili na rafiki anayefanya kazi ofisini. Fundi akazijaza kwa sindano. Mbili zikakubaliwa, mbili zikakataliwa kwa neno “imelindwa”. Kumbe zilikuwa zimetumika kwenye printa ya ofisi ambayo ulinzi huo ulikuwa umewashwa. Ukiwa na printa yako, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta sehemu inayohusu ulinzi wa kartushi, uizime kabla hujaweka kartushi mpya. Ikishafungwa, haifunguki.

La sita, zima sasisho la wenyewe kwa wenyewe. Kwenye mipangilio ya printa kuna mahali pa kukubali au kukataa mashine kujisasisha yenyewe. Kataa. Kama huna haja kubwa ya Wi-Fi, tumia waya wa USB, na programu ya kwenye kompyuta ikikuuliza kama isasishe printa, jibu hapana. Najua kwamba sasisho nyingine zinaziba matundu ya usalama, na kwa ofisi kubwa yenye mtandao wake ushauri huu si mzuri. Lakini kwa printa ya nyumbani inayokaa juu ya meza Katuba, iliyounganishwa na kompyuta moja kwa waya, hatari iliyo karibu zaidi ni kuamka asubuhi na kukuta wino umekatazwa.

Na ikiwa sasisho limekwishaingia? Kwa modeli nyingine fundi mwenye ujuzi anaweza kurudisha programu ya zamani. Kwa nyingine mlango umefungwa. Njia mbili zinabaki: kununua jenériki zenye chipi mpya zaidi, zinazojua jibu la sasa, au kutumia kartushi zenye chipi ya asili zilizojazwa upya. HP yenyewe inasema printa zake zenye ulinzi wa aina hii zinakubali kartushi zilizojazwa upya ikiwa chipi yake ya asili imebaki humo. Basi ukienda sokoni usiulize bei tu. Uliza: chipi ni ya asili? Na nikiirudisha kwa sababu imekataliwa, utanibadilishia? Muuzaji anayejiamini atajibu ndiyo na ataiandika kwenye risiti.

Kwingine walisimama

Tusidhani haya ni maonevu ya Afrika. Tarehe 13 Septemba 2016, watu wenye printa za HP za aina ya OfficeJet katika nchi mbalimbali waliamka wakakuta kartushi zao za jenériki zimekataliwa, siku moja kwa wote. Walipiga kelele. Kabla mwezi ule haujaisha kampuni iliomba radhi kwa namna ilivyolieleza jambo hilo, ikaahidi programu nyingine kwa atakayetaka kuondoa kizuizi. Kizuizi chenyewe, katika modeli zilizofuata, haikukiacha. Mwaka 2018, nchini Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kumaliza kesi ya wateja. Mwaka huo huo Australia ilipatana na mamlaka ya kulinda wanunuzi iwalipe wateja walioathirika dola 50 za nchi ile kila mmoja. Desemba 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini ya euro milioni 10, kwa kuwa wanunuzi hawakuelezwa wazi kwamba printa ina mipaka hiyo.

Tazama vizuri sababu ya Italia. Mamlaka haikusema kwamba kampuni haina ruhusa ya kutengeneza chipi. Ilisema: mlipaswa kuwaambia watu. Hilo ndilo ninalolidai mimi kwa Lubumbashi.

Marekani vilevile, tarehe 30 Mei 2017, Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya kampuni ya Lexmark dhidi ya Impression Products, kampuni ndogo iliyokuwa ikijaza upya kartushi na kuziuza. Majaji walisema mwenye haki ya uvumbuzi akishauza kitu chake, hawezi tena kuitumia haki hiyo kumpangia mnunuzi akifanyie nini kitu hicho. Mzee yeyote wa kijijini angeelewa hukumu hiyo bila wakili. Ukiniuzia mbuzi, huniambii nimlishe majani ya shamba lako tu.

Na kuna kisa kinachochekesha. Mwanzoni mwa 2022 dunia ilikuwa na uhaba wa chipi. Canon ilikosa chipi za kuweka kwenye kartushi za toner za baadhi ya mashine zake za ofisi. Ikaziuza bila chipi, na ikawaeleza wateja wake jinsi ya kuliruka onyo la mashine na kuendelea kuchapa. Mashine zikachapa. Kilichopotea zaidi ni ile hesabu ya kuonyesha wino uliobaki. Kwa hiyo chipi ikikosekana kwa kampuni, kazi inaendelea. Ikikosekana kwa mdogo wangu, kazi inasimama. Mwenye masikio na asikie.

Kampuni nazo zina la kusema

Sitaki kuandika upande mmoja. Kampuni zinasema printa zinauzwa kwa bei ya chini kwa sababu faida inategemewa kwenye wino. Mkuu wa HP alisema hadharani Januari 2024 kwamba mteja asiyetumia wino wao ni uwekezaji mbaya kwao, na akataja pia hatari ya virusi vya kompyuta kupitia kartushi. Wanasema wino mbaya unaharibu kichwa cha kuchapa. Na wanasema soko limejaa bandia.

Kuhusu wino mbaya, wana sehemu ya ukweli. Nimeona jenériki iliyovuja ikachafua mashine nzima, na nyingine ambayo rangi yake nyeusi ilikuwa kama chai. Hati ikilowa tone la mvua, jina la mtu linafutika. Atakayechapa hati za kudumu na atumie wino anaouamini. Kuhusu bandia pia wana haki, lakini tusichanganye maneno. Bandia ni ile inayovaa jina na boksi la kampuni nyingine ili ikudanganye. Huo ni wizi. Jenériki inajitaja ilivyo: mimi si wa kampuni hiyo, lakini ninaingia kwenye printa hiyo. Hakuna uongo hapo. Sisi tunanunua dawa za jenériki kwenye famasi kila siku, na hakuna anayemwita mfamasia mwizi.

Kuhusu bei ya chini, hoja hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Ikiwa dola 95 si bei kamili, basi bei kamili iko wapi? Mbona haikuandikwa kwenye boksi? Mtu anayepanga biashara ndogo nyumbani anapiga hesabu ya mashine, karatasi, wino, na mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Hesabu ya mdogo wangu ilikuwa sahihi mpaka siku ile. Huwezi kubadilisha bei ya wino kutoka dola 24 hadi dola 80 kwa kubonyeza kitufe mbali huko, halafu ukasema mteja ni mwekezaji mbaya. Mwekezaji ni yeye. Aliweka akiba ya mwaka mzima ya likelemba.

Tufanye nini

Kwa anayetaka kununua leo, ushauri wangu ni mfupi. Anza na wino kabla ya mashine: nenda kwa wauzaji wawili watatu, uliza kartushi ipi inapatikana mjini mwaka mzima na kwa bei gani, ndipo urudi kuchagua printa. Kama unachapa kila siku, zitazame printa za tangi, zile ambazo wino unamiminwa kutoka chupa. Bei yake ya kununulia ni kubwa zaidi, lakini nyingi hazina chipi kwenye wino, na chupa moja inachapa maelfu ya kurasa. Nazo si malaika: kuna printa zinazohesabu wino unaomwagika kwenye sponji ya ndani wakati wa kujisafisha, na hesabu ikijaa zinasimama mpaka fundi abadilishe sponji na kurudisha hesabu sifuri. Lakini hilo fundi wetu wanaliweza.

Kuwa mwangalifu pia na modeli zinazouzwa kwa masharti ya intaneti. Mfano ni zile za HP+, ambazo jina la modeli linaishia na herufi “e”. Ukikubali mpango huo wakati wa kuiwasha, unakubali printa iwe na intaneti na itumie wino wa asili wa kampuni hiyo maisha yake yote. Huko Ulaya kuna pia abonema ya wino: ukiacha kulipa kila mwezi, kartushi iliyomo inaacha kuchapa hata kama imejaa. Mashine kama hizo zinafika huku kama okazioni, bila karatasi za masharti. Ukiletewa moja na ndugu, mwombe aiondoe kwenye akaunti yake kabla ya kuisafirisha.

Kwa wauzaji wetu wa mjini, nawaomba jambo dogo. Mnajua modeli zipi zinakataa jenériki, kwa sababu wateja wanawarudishia kartushi kila wiki. Andikeni kwenye kibandiko cha bei: hii inakubali wino wake tu. Hamtapoteza wateja. Mtapunguza ugomvi wa Jumamosi mbele ya duka.

Kwa wakubwa wa serikali, nasema hivi. Bidhaa zinapita Kasumbalesa, na Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, inazikagua na kupokea malipo yake. Kuongeza swali moja kwenye ukaguzi wa printa hakuhitaji maabara: je, boksi linaeleza kwa lugha inayosomeka hapa kwamba mashine inakataa wino mwingine? Tuna sheria namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani, inayokataza mwenye nguvu sokoni kuzitumia vibaya. Tuna dekri ya zamani sana kuhusu mikataba, ya tarehe 30 Julai 1888, inayomfanya muuzaji awajibike kwa kasoro iliyofichika ya kitu alichouza. Mimi si wakili. Lakini nawauliza mawakili wetu: mashine inayofanya kazi leo na kesho ikaikataa kazi ile ile kwa amri iliyokuwa imefichwa ndani yake, hiyo si kasoro iliyofichika? Kesi moja tu ikifika mahakama ya biashara, tutapata jibu.

Wengine wataniambia nchi ina vita mashariki, barabara mbovu, walimu wasiolipwa vizuri, na wewe unaandika kuhusu wino. Ndiyo. Naandika kuhusu wino kwa sababu nchi hii inaishi kwa karatasi. Ukitaka kazi, barua na CV. Ukitaka shule, fotokopi za buletini. Ukitaka kiwanja, faili nzima. Serikali haikuulizi kama una printa, inakutaka ulete hati. Na hati hizo zinachapwa na akina mama na vijana kama mdogo wangu, kwenye veranda, kwa franka 200. Bei ya wino ikipanda kwa amri, anayelipa mwishoni ni yule kijana wa TFC.

Kijana yule aliwasilisha kazi yake, kwa kuchelewa saa moja, na ilipokelewa. Alilipa mjini franka 500 kwa ukurasa. Mdogo wangu naye alirudi kazini siku ya kumi, kwa kartushi mbili za asili zilizojazwa na fundi na mbili za jenériki zenye chipi mpya. Printa imezikubali zote nne mpaka leo. Wateja wa WhatsApp wanatuma faili kwenye simu yake, mtoto anazihamishia kwenye kompyuta, na kompyuta inazipeleka kwa waya. Juu ya mashine amebandika karatasi, imeandikwa kwa mkono kwa kalamu nyekundu: MUSIIPE INTANETI.